Wati si joto: kuchagua chuma cha kulehemu kwa anayeunda sinthesaiza

Mpwa wangu alinipigia simu saa mbili usiku kutoka Chikongola, hapa hapa Mtwara mjini.

"Shikamoo mjomba. Chuma changu cha kulehemu kina wati 60, cha yule fundi simu wa stendi kina wati 40. Mbona chake kinayeyusha na changu kinagoma?"

"Marahaba. Kinagoma wapi?"

"Kwenye matundu ya jeki, yale ya kuchomekea waya za sauti. Rezista zilikubali zote. Hapo kwenye jeki nimekishikilia mpaka bodi inatoa moshi."

Kwetu Kusini mjomba hakwepi swali la mpwa wake. Nilimwambia aje Shangani Jumamosi na kila kitu, hata alichokwisha kukiharibu. Alikuja na bodi ambayo vipande vinne vya shaba vilikuwa vimebanduka, na jeki moja imelainika na kulala upande. Seti ile ya kujiundia sinthesaiza aliinunua kwa pesa ya kubeba magunia ghalani msimu mzima wa korosho. Iliniuma. Tangu siku hiyo vijana wengine wanaotengeneza midundo vyumbani mwao wameniuliza mambo yale yale, na karibu wote wanaanzia kwenye wati. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na majina. Sinthesaiza ni ala ya muziki inayozalisha sauti kwa umeme wenyewe. Hakuna uzi unaochezwa wala ngozi iliyowambwa. Saketi inautikisa umeme mara mia kadhaa kwa sekunde, spika inaitikisa hewa kwa kasi hiyo hiyo, na sikio linasikia noti. Seti ya kujiundia ni mfuko wenye bodi tupu (kibao chenye njia za shaba), rezista na kapasita (vipuri vidogo vyenye miguu ya waya), chipu, vinobu, matundu ya jeki na karatasi ya maelekezo. Kuviunganisha ni kazi yako. Si jambo jipya: Robert Moog wa Marekani, ambaye alianza kuonyesha moduli zake za sinthesaiza mwaka 1964, kabla ya hapo alikuwa akiuza seti za theremini, ala ile inayopigwa bila kuguswa. Wengi leo huanza na saketi iitwayo Atari Punk Console, ambayo Forrest Mims aliichapisha mwaka 1980. Ina chipu mbili za 555, vinobu viwili na spika, na inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Ukiipata hiyo, unatamani kubwa zaidi.

Kulehemu ni kuunganisha vyuma viwili kwa kuyeyusha cha tatu katikati yao, chenye kuyeyuka mapema. Hapo kunatofautiana na kuchomelea geti, ambako vyuma vyenyewe vinayeyuka na kuwa kitu kimoja. Huo waya unaoyeyushwa ndio lehemu, na madukani wengi wanauita risasi tu. Wala lehemu si gundi. Inalowanisha. Dondosha tone la maji juu ya jani la mgomba, litajikunja kama shanga na kuteleza. Lidondoshe kwenye sahani iliyooshwa kwa sabuni, litatandaa. Lehemu nayo hutandaa pale tu chuma kilipo kisafi na chenye moto wa kutosha. Vinginevyo inajikunja shanga, na shanga hiyo, hata ikionekana imekamata, haipitishi umeme kwa uhakika. Kwenye sinthesaiza utaisikia kama sauti inayokatika ukigusa kinobu.

Kwa hiyo chombo unachonunua kina kazi moja: kupeleka joto la kutosha kwenye kiungo kwa sekunde mbili au tatu, kisha uondoke.

Wati zinasema nini

Wati ni kiasi cha umeme ambacho chuma kinaweza kugeuza kuwa joto kila sekunde. Nyuzijoto ni ukali wa joto lililopo kwenye ncha wakati huo. Ni vitu viwili, na mkanganyiko wote unatokana na kuvichanganya.

Chukua pikipiki. Ukubwa wa injini haukuambii inakwenda kasi gani sasa hivi. Huenda imesimama tu inaunguruma. Ukubwa huo utauona siku ukipakia magunia mawili ya korosho na kupanda mlima wa Newala ukitokea upande wa Masasi. Injini ndogo inapoteza mwendo na inachelewa kuurudisha. Mguu wa rezista ni abiria mmoja mwembamba. Tundu la jeki ni magunia mawili: lina mguu mnene, na mmoja wa miguu yake umeungwa kwenye bapa pana la shaba ambalo saketi nzima hurudishia umeme wake. Bapa hilo linanyonya joto na kulisambaza bodi nzima. Vinobu navyo vina masikio mawili ya chuma ya kuvishikilia, nje ya miguu mitatu ya umeme. Redio ya kawaida ina vitu hivi vichache. Sinthesaiza imejaa hivyo, maana kila kitu ndani yake kinachomekwa na kuzungushwa kwa mkono. Ndiyo maana chuma kilichokutosha miaka yote kutengeneza redio kinaweza kukuaibisha hapa.

Sasa, kwa nini wati 40 za fundi simu zilizishinda wati 60 za mpwa wangu? Nilimtuma akaangalie tena. Cha fundi kina kisanduku chenye kinobu cha nyuzijoto, chake yeye ni mpini na waya unaokwenda moja kwa moja ukutani.

Chuma cha mpini na waya kinafanya kazi kama jiko la mkaa. Kinapanda moto mpaka joto linalopotea hewani lilingane na linaloingia, basi. Kikikaa bila kazi, ncha yake inaweza kupita nyuzi 400. Ukikigusisha kwenye jeki kinashuka ghafla, na hakina habari kwamba kimeshuka. Kinaendelea kuvuta umeme ule ule. Chuma chenye kidhibiti ni pasi ya umeme. Unajua kile kitaa cha pasi kinachozima na kuwaka? Kikizima, pasi imefika joto ulilochagua. Ukiweka nguo mbichi joto linashuka, kitaa kinawaka, umeme unaingia. Kwenye chuma cha kulehemu sensa inakaa karibu na ncha na inafanya hivyo hivyo mara nyingi kwa dakika. Wati zinabaki kuwa akiba, zinatumika pale mzigo unapokuja. Chenye kidhibiti cha wati 60 hakiunguzi vitu kuliko cha 40. Kinarudi kwenye joto lake haraka zaidi, basi.

Kisha kuna umeme wetu. Gesi ya Mnazi Bay inafua umeme hapa hapa Mtwara, lakini ukiwa mwisho wa laini ndefu ya mtaa, saa za jioni kila nyumba inapowasha, volti zinazofika kwako si zile zilizotoka. Wati zilizoandikwa kwenye mpini ni za volti 230, na uwezo haushuki sambamba na volti, unashuka kwa mraba wake. Soketi ikiwa na volti 180, chuma cha wati 60 kinabaki na kama 37, na cha wati 40 kinabaki na kama 25. Mpwa wangu alilehemu rezista mchana na jeki usiku. Nilipomuuliza kama taa zao hufifia jioni, alicheka. Chenye kidhibiti nacho kinaathirika, ila kinafidia kwa kuwaka muda mrefu zaidi, na mara nyingi hutaona tofauti.

Joto dogo si usalama

Kosa la pili la mpwa wangu lilikuwa la huruma. Aliogopa kuunguza bodi, akaona joto dogo ndilo salama, akashikilia muda mrefu. Anayepika chapati anajua kwamba moto hafifu hauilindi chapati. Inakaa kikaangoni mpaka inakauka na kuwa kama bati kabla haijaiva. Shaba ya bodi imebandikwa kwa gundi, na gundi hiyo inavumilia moto mkali wa sekunde tatu kuliko moto wa wastani wa sekunde ishirini. Plastiki ya jeki ni hivyo hivyo. Chipu za leo nazo si dhaifu kama inavyosemwa. Hofu hiyo ni urithi wa transista za zamani za germaniamu. Bado, nunua soketi za chipu, lehemu soketi, kisha chomeka chipu mwishoni. Ukikosea upande utaigeuza bila kuyeyusha chochote.

Kwa lehemu iliyochanganywa na metali ya risasi mimi naweka nyuzi 340 hadi 350 kwa rezista na kapasita, na napandisha mpaka 370 kwa jeki na masikio ya vinobu. Kama kiungo hakijashika kwa sekunde nne, ondoa chuma, acha kipoe, jiulize tatizo ni nini. Usikandamize. Kukandamiza hakuongezi joto, kunabandua shaba.

Ncha

Hapa ndipo pesa inapotea, na ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha zaidi. Wengi wanaamini kazi ndogo inataka ncha kali kama sindano. Jaribu kujaza ndoo kwa mrija wa soda: maji yapo tele kwenye tangi, njia ndiyo nyembamba. Ncha ya sindano inagusa kiungo kwa nukta moja, joto linapita kwenye nukta hiyo. Ncha bapa yenye umbo la patasi, upana wa milimita 2 hivi, inaegemea mguu na shaba kwa pamoja na kiungo kinakubali mara moja. Kwa sinthesaiza yenye vipuri vya miguu inayopita matunduni, patasi ya milimita 2 hadi 2.4 itafanya karibu kazi yote. Nilimbadilishia mpwa wangu ncha tu, chuma kile kile cha jiko la mkaa, tena mchana, na jeki ikashika. Kama huna uwezo wa kununua chuma kipya mwezi huu, anza na ncha.

Halafu kuna suala la tupa na msasa. Mafundi wetu wakubwa walisugua ncha kwa tupa, nasi tuliwaona. Walikuwa sahihi kwa vyuma vyao. Ncha za zamani zilikuwa shaba tupu, na lehemu iliyoyeyuka huila shaba kidogo kidogo, hivyo ilibidi kuichonga upya. Ncha za sasa ni shaba iliyovikwa ganda jembamba la chuma ili isiliwe. Ukipitisha tupa umelivua ganda hilo, na baada ya siku chache utaona shimo. Wazee hawakukosea, ila ncha wanazozisugua sasa zimeundwa vinginevyo. Safisha kwa manyoya ya shaba nyeupe au sifongo yenye unyevu kidogo, na kabla ya kuzima paka lehemu ncha nzima iwe kama imevaa shuka. Asubuhi yake itawaka ikiwa safi. Huku pwani, hewa yetu ya chumvi na unyevu, ncha iliyoachwa wazi hugeuka nyeusi na kukataa lehemu kabisa.

Chumvi hiyo hiyo inashika miguu ya vipuri. Usiifungue mifuko ya seti na kuiacha mezani wiki nzima dirisha likitazama bahari. Funga, weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mguu uliofifia ufute kwa raba ya kufutia penseli.

Waya wa lehemu, na ile asidi ya mafundi wa bati

Soma maandishi kwenye kigurudumu cha waya. Sn60Pb40 maana yake stani (tin kwa Kiingereza) asilimia 60, risasi asilimia 40. Sn63Pb37 ndiyo niipendayo: inayeyuka na kuganda hapo hapo kwenye nyuzi 183, haina kipindi cha uji katikati, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo wakati wa kupoa, kiungo hakiharibiki kirahisi. Isiyo na risasi, kama Sn99.3Cu0.7, inataka nyuzi 227 kuyeyuka na inatoa kiungo kilichofifia hata kikiwa kizuri, jambo linalomchanganya anayejifunza. Ulaya ilizuia risasi kwenye bidhaa nyingi za elektroniki kuanzia Julai 2006, ndiyo maana vipuri vya seti vimepakwa stani isiyo na risasi. Havina ugomvi na lehemu yenye risasi.

Unene uwe milimita 0.6 hadi 0.8. Ule wa milimita moja na zaidi unamwaga nyingi kabla hujajua. Kiungo kizuri kinafanana na kichuguu chenye mabonde ubavuni. Ukiona mpira wa duara, umejaza kupita kiasi au haikulowanisha.

Ndani ya waya mzuri kuna flaksi, aghalabu utomvu wa msonobari uliotayarishwa. Kazi yake ni kuosha kutu laini kwenye chuma ili lehemu itandae. Sasa, sokoni utamkuta fundi wa koroboi na makopo akilehemu kwa asidi, na kazi yake inang'aa. Ni kazi nzuri, ya bati nene. Usilete asidi hiyo karibu na bodi. Inabaki chini ya vipuri, inavuta unyevu wetu huu, na inatafuna shaba taratibu. Sinthesaiza italia vizuri leo na kuanza kukoroma baada ya miezi. Jina la kazi ni moja, kulehemu, na hilo ndilo linalowaponza wengi dukani. Taja wazi: lehemu ya elektroniki, yenye flaksi ndani.

Kuhusu moshi: watu wanaogopa kwamba wanavuta risasi. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749. Kwa joto letu haigeuki mvuke wa kuhesabika. Moshi unaouona ni wa flaksi, na huo nao si rafiki, kwani unajulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta kila siku kazini. Keti penye upepo, weka kifeni kidogo kivute moshi pembeni bila kupuliza kiungo. Risasi yenyewe inaingia kwa njia ya mkono kwenda mdomoni. Usile korosho huku unalehemu, usiushike waya kwa meno, na ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Mezani pa chakula si mahali pa kazi hii. Hapo sina mzaha.

Vingine vya mezani nitavipita haraka. Mkasi mdogo wa kukatia miguu, wa ubavu bapa. Kibano. Pampu ya kunyonyea lehemu pamoja na utepe wa shaba iliyosukwa, maana utakosea. Mita, ya bei yoyote, ilimradi inalia waya zikigusana. Spiriti na mswaki wa zamani wa kusafishia. Stendi nzito ya chuma, si bisibisi mbili zilizoegemezana. Nimeona godoro lililoungua. Mashine ya upepo wa moto ya mafundi simu hutaihitaji kwa seti ya vipuri vyenye miguu.

Ningenunua nini

Kwa seti moja ndogo, ya kujaribu kama kazi hii inakufaa, chuma cha kawaida cha wati 40 hadi 60 chenye ncha ya kubadilisha kinatosha, mradi ununue na ncha ya patasi na ufanye jeki mchana. Usijute kuanzia hapo.

Ukijua utaendelea, usinunue cha pili cha aina hiyo. Kusanya mpaka upate chenye kidhibiti. Kampuni kama Hakko ya Japani na Weller zina mashine zinazodumu miaka mingi, na kuna nyingi zilizoigiza muundo wa Hakko 936 kwa bei ya chini sana. Za kuigiza zinafanya kazi, ila kabla ya kuichomeka pima kwa mita kama pini ya ethi ya plagi imeunganishwa kweli na ncha. Nimekutana na moja ambayo haikuunganishwa.

Kwa wanaoishi kwenye kukatika umeme, au Kilwa na Nachingwea ambako wengi wana sola, kuna vyuma vidogo kama Pinecil vinavyotumia volti 12 hadi 24. Kinakubali chaja ya kompyuta mpakato, na kinakubali betri. Lakini ile hesabu ya mraba inarudi: ncha yake yenye ukinzani wa omu 8 inatoa kama wati 18 kwa volti 12, na wati 50 kwa volti 20. Kwa betri moja ya sola utalehemu rezista kwa raha na jeki kwa shida. Tumia chaja ya volti 20 na utashangaa kitu kidogo vile kinavyofanya kazi.

Mpwa wangu alirudi baada ya wiki mbili. Tulirekebisha shaba zilizobanduka kwa vipande vya miguu ya rezista, tukabadili jeki iliyolala. Kabla ya kuwasha nilimwagiza apime kwa mita kati ya chanya na hasi: ikilia, kuna mahali lehemu imefanya daraja kati ya sehemu zisizopaswa kugusana. Kisha aangalie waya bapa wa umeme, ukingo wake mwekundu ukae upande wa volti hasi 12, maana ukigeuzwa, chipu huungua kwa sekunde. Mita haikulia. Aliwasha. Spika ikatoa mlio mmoja mnene, akazungusha kinobu taratibu, mlio ukapanda, ukashuka, na mama yake akatoka jikoni kuuliza ni nini hicho.